Mganda wa Sigino

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza kuandika. Sababu ni moja tu: nimepata kazi Vietnam, na sijui kama naitaka.

Ni kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye shule binafsi ya lugha, watoto wadogo, jioni na mwisho wa wiki. Aliyeniunganisha ni Irine, rafiki yangu wa chuo, mzaliwa wa hapa hapa Babati, ambaye yuko huko tangu mwaka juzi na siku hizi hawezi kula wali bila kuupiga picha kwanza. Meneja wa shule ni dada mpole anaitwa Lan. Ameshanihoji kwa simu, akanipenda, anataka jibu kabla ya Juni. Kwa hiyo nina masika mazima ya kupima.

Upande wa kubaki kuna mama yangu kule kijijini Sigino, ambaye yuko peke yake na shamba lake tangu baba afariki. Upande wa kuondoka kuna Mkurugenzi.

Jumanne, 4 Machi

Mkurugenzi anaitwa Elibariki na ndiye mwenye shule ninayofundisha, pale Bonga, shule ya Kiingereza kuanzia awali mpaka la saba. Kwa cheo mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Kwa kazi, mimi pia ni matroni wa basi la asubuhi, muuza sweta za shule, mpiga kinanda cha sherehe za shule na mtu wa kuwaambia wazazi kwamba Mkurugenzi amesafiri. Likizo hatulipwi. Nilipomwuliza kuhusu mkataba wa maandishi alinishika bega akasema, "Madam, sisi hapa ni familia." Nilitaka kumwambia kwamba hata familia yangu hainipandishi basi saa kumi na moja alfajiri.

Halafu kuna hili la Uganda. Wazazi wa mjini wanaamini kwamba Kiingereza kizuri kinatoka Uganda au Kenya, na shule inayojiheshimu lazima iwe na mwalimu wa huko. Sisi tulikuwa na Mganda halisi, akapata kazi Arusha akaondoka. Januari, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kazi, kwenye kikao cha kufungua shule, Mkurugenzi akanisimamisha mbele ya wazazi: "Na huyu ni Madam Dee, kutoka Kampala!" Wakapiga makofi. Baadaye nikamfuata ofisini, akasema, "Vumilia kidogo Madam, mpaka wazazi wazoee. Una sura ya Kampala kabisa." Akanionyesha droo iliyojaa maombi ya kazi ya walimu wasio na ajira. Nikavumilia.

Sijawahi kuiona Uganda. Upande ule nimeishia Arusha.

Jumamosi, 8 Machi

Leo tulisali jumuiya nyumbani kwa Mama Brightness, sisi majirani Wakatoliki wa huku Singe ninakopanga. Kila mtu alitoa nia yake. Mimi nikasema: naomba mniombee nifanye uamuzi mzuri kuhusu kazi ya nje ya nchi. Mwenyekiti wetu, Mzee Egidius, akafumba macho kwa muda mrefu. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anapanga.

Jumapili, 9 Machi

Nimebarikiwa safari ambayo sijaikubali.

Ilikuwa wakati wa matangazo, mwisho wa misa. Mzee Egidius alisimama na koti lake la Pasaka, ingawa ni Kwaresima, akatangaza kwamba jumuiya yetu imempata binti anayekwenda ng'ambo kufundisha wazungu Kiingereza. Nikatikisa kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu. Padre akaniita mbele, akanyoosha mikono juu yangu, kanisa zima likanyoosha mikono, nikamwagiwa maji ya baraka mpaka kwenye kola. Sasa hapo mtu unasemaje? Unamshika Padre mkono umwambie, samahani Baba, bado napima?

Baada ya misa nilimfuata Mzee Egidius. "Shikamoo Mzee. Mimi niliomba uamuzi tu."

"Marahaba mwanangu. Na Mungu ameshaamua. Unaondoka lini?"

Jumatatu, 10 Machi

Mama anayeuza nyanya: "He! Bado upo?"

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Tope la Singe limekula kiatu changu cha kushoto, nikakichimbua kwa kijiti. Jumuiya wameniletea zawadi za safari: blanketi zito na mbaazi zilizokobolewa. Nikasema Vietnam ni joto. Mzee Egidius akasema, "Ng'ambo ni ng'ambo."

Jumapili, 16 Machi

Bado nipo. Nimeulizwa mlangoni mwa kanisa, ndani ya kanisa, na kwenye foleni ya komunyo.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwuliza Irine anieleze ukweli wa kazi ya huko, achana na picha. Amenitumia sauti ndefu, nimeisikiliza nikiwa naosha vyombo.

Anasema unalipwa saa ulizosimama darasani tu. Saa za kutoka tawi moja kwenda jingine kwa pikipiki, katikati ya magari, ni za kwako na malaika wako mlinzi. Watoto wasipokuja, hukufundisha. Wazazi wanataka watoto wacheke, kwa hiyo kila somo lina mchezo, na mwalimu ndiye mchezo. Krismasi alivalishwa ndevu. Siku ya watoto alivalishwa mavazi ya chui, akazimia kwa joto, watoto wakafikiri ni sehemu ya somo wakapiga makofi.

Nikamwuliza, mbona hurudi?

"Devo, huku angalau nimeandikiwa kwenye karatasi kwamba nitavaa chui. Huko kwenu umeandikiwa nini?"

Nilikuwa nimetoka kuuza sweta.

Jumamosi, 29 Machi

Leo ilikuwa siku ya wazazi. Naandika, sijui kama ni kwa hasira au kwa aibu.

Mkurugenzi alifunga maturubai kwa sababu ya mvua, akaweka viti vya plastiki na spika kubwa. Kuna bango jipya pia, amelitundika barabarani, kwenye barabara ya Dodoma ambako hata mwenye lori analiona: WALIMU WETU NI KUTOKA UGANDA. Chini yake kuna picha yangu. Nimevaa sweta la shule.

Katikati ya hotuba akatokea mama yangu. Amevaa kitenge chake cha sikukuu, buti za mvua za marehemu baba, na mkononi kibuyu cha maziwa ya mgando. Wiki iliyopita nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba Jumamosi siwezi kwenda Sigino kwa sababu ni siku ya wazazi. Sasa mama amefikiria sawasawa kabisa: siku ya wazazi, na yeye ni mzazi. Akapita katikati ya viti, akitabasamu na kila mtu, akaja moja kwa moja mpaka mbele nilipokaa.

Mkurugenzi anamfahamu mama. Ameshakunywa maziwa yake. Alichukua kipaza sauti kabla sijafungua mdomo.

"Wazazi wapendwa! Huyu mnayemwona ni mama mwenye nyumba anakopanga Madam Dee. Mwone alivyomletea maziwa! Hivi ndivyo wenyeji wa Babati wanavyowapenda wageni wetu kutoka Uganda!"

Makofi, tena ya nguvu. Mama hakugeuka kuwatazama. Alinitazama mimi, akasubiri. Ilikuwa nafasi ya kusema neno moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni. Mkurugenzi naye alikuwa ananitazama, nikaiona ile droo yake ya maombi ya kazi kana kwamba iko mbele yangu. Nikapokea kibuyu kwa mikono miwili na kusema kwa Kiingereza, asante sana Mama.

Makofi tena.

Mama akakitengeneza kitenge chake begani. "Karibu sana Tanzania, Mwalimu," akasema, akaondoka akipita katikati ya viti vile vile alivyokuja.

Jumapili, 30 Machi

Nimempigia mama. Hapokei.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikwenda Sigino. Nilimkuta anapalilia. Aliacha jembe, akanawa mikono, akanisalimia kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili! Mama yangu na mimi hatujawahi kusalimiana ila kwa Kiiraqw, tangu nijue kusema. Akanitolea kiti cha wageni akakifuta vumbi.

"Karibu Mwalimu. Habari za Kampala?"

"Mama, acha basi. Yule Mkurugenzi ndiye aliyesema, si mimi."

"Nilisikia. Alisema yeye, ukashukuru wewe."

Nikaanza kueleza kwa Kiiraqw. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Samahani, sisi wenyeji tunaongea hiyo lugha haraka, mgeni hataelewa," akaingia jikoni kunichemshia chai. Nilipoinuka kumsaidia kuni akanirudisha kwenye kiti.

Jumatano, 9 Aprili

"Bado upo?" Leo ni Padre mwenyewe, akicheka. Mimi sikucheka.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kristo amefufuka, mama bado. Alinipakulia nyama peke yangu, kwenye sahani ya kioo, na uma. Yeye na jirani yake Mama Leonsi walikula ugali kwenye sinia moja kwa mikono, wakicheka kwa Kiiraqw mambo ambayo nilikuwa nayaelewa yote. Walinisengenya mimi nikiwepo. Eti Waganda wanakula polepole.

Nimechoka. Nikirudi kazini mimi ni Mganda, nikienda kwa mama mimi ni Mganda, nikienda kanisani mimi ni Mvietnam. Najiona mjinga na nina uchungu. Nikipata nauli ya ndege naondoka kesho, huko angalau nitakuwa mimi.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Basi lilikwama, nimelisukuma mimi na darasa la saba.

Jumatano, 30 Aprili

Naandika yote leo, sitaki lipotee hata neno.

Asubuhi nikiwa darasa la nne iliingia pikipiki uwanjani, akashuka afisa wa Uhamiaji ndani ya koti la mvua. Mtu mzima, mstaarabu, anaitwa Afande Sylvesta. Alikuwa ameliona bango barabarani. Akamwuliza Mkurugenzi kama ana mwalimu kutoka Uganda, na Mkurugenzi, kwa mazoea tu, kabla hajafikiri, akajibu kwa fahari, "Ndiyo! Bora kuliko wote!" Afande akasema vizuri, basi naomba kibali chake cha kazi.

Mkurugenzi akanyoosha kidole kwenye darasa langu, kisha akakumbuka kwamba jenereta inahitaji kukaguliwa.

Afande alinikuta na chaki mkononi. Akanisalimia kwa lugha nisiyoijua, kwa tabasamu la mtu aliyekutana na jirani. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba kwao ni Bukoba na ana ndugu ng'ambo ya mpaka. Mimi nikapaniki, nikajibu, "Marahaba." Tabasamu likaondoka.

"Mwalimu, wewe ni Mganda wa wapi usiyejua salamu?"

"Afande, shikamoo. Mimi si Mganda. Mimi ni Mtanzania."

"Bosi wako ameniambia sasa hivi ni Mganda. Bango linasema ni Mganda. Nani anadanganya?"

Akaomba kitambulisho. Kadi yangu iko Sigino kwenye sanduku la mama, kwa sababu mama haamini kwamba mtu anayeishi nyumba ya kupanga anaweza kutunza kitu. Akaomba basi namba ya ndugu yeyote wa karibu. Nikampa ya mama, nikijua kabisa ninachokifanya ni hatari. Tulisimama barazani. Akapiga, akaweka spika. Walimu wakatoka ofisini, wapishi wakatoka jikoni na miko, darasa la nne likajaa madirishani.

"Hallo. Ni Mama Devotha? Naongea kutoka Uhamiaji, Babati. Nina mtu hapa anajiita Devotha Amedeus. Unamfahamu?"

Tulisikia kuku.

"Namfahamu," mama akasema. "Nilitambulishwa kwake siku ya wazazi. Mimi ni mama mwenye nyumba."

"Kwa hiyo si mtoto wako?"

"Afande, mtoto wangu ni Mwiraqw. Huyo niliambiwa ni Mganda. Niliambiwa kwa spika, mbele za watu, na watu wakapiga makofi."

"Mama!" nikapiga kelele.

"Mgeni anasema nini, Afande? Mpe maji labda."

Nikaanza kumwomba kwa Kiiraqw, haraka haraka, maneno yote niliyokuwa nayo. Afande akaisogeza simu mbali nami. "Ongea lugha ninayoielewa! Unamfundisha shahidi?" Sura yake sasa ilikuwa ya kazi kabisa. Mwalimu Jovin wa hesabu alijaribu kunitetea, akasema ananifahamu vizuri tangu Januari, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo.

Ndipo mama akasema, taratibu: "Afande, mwulize yeye. Aseme mimi ni nani. Aseme kwa Kiswahili, kwa sauti, na huyo bosi wake asikie."

"Bosi yuko wapi?" Afande akauliza.

Darasa la nne likajibu kwa pamoja, kwa Kiingereza safi nilichowafundisha mimi, kwamba yuko nyuma ya jenereta. Katikati ya balaa lile nikawaonea fahari.

Mkurugenzi akatoka akijifuta mikono ambayo haikuwa na mafuta. Nikamtazama. Ile droo ikanijia tena, ila safari hii mama alikuwa anapumua kwenye spika, na pumzi yake nikaiogopa zaidi.

"Huyo ni mama yangu mzazi," nikasema. "Si mwenye nyumba. Mimi ni Devotha binti Amedeus, wa Sigino. Uganda sijawahi kuiona. Siku ya wazazi nilinyamaza kwa sababu niliogopa kufukuzwa kazi, na nikaogopa kazi kuliko nilivyomheshimu mama."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Umesikia, Afande?" mama akasema. "Basi huyo ni Mtanzania. Anaogopa viboko wa ziwani tangu mdogo, na kukamua hajui mpaka leo. Kadi yake ninayo, nitaileta na bodaboda. Lakini hiyo nimeifanya kwa ajili ya serikali. Mambo yangu na yeye bado." Akakata.

Afande alimpeleka Mkurugenzi ofisini. Sikusikia walichoongea, ila kabla ya chakula cha mchana bango lilikuwa limeshushwa, na Mkurugenzi hakuniita Madam Dee. Hakuniita kabisa.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Mkurugenzi alitupa fulana za kuandamana zilizoandikwa HAKI ZA MFANYAKAZI KWANZA, akasema zirudishwe zikiwa zimefuliwa. Mfanyakazi bora wa mwaka ni mke wake.

Nimemwandikia Lan: nakuja.

Jumapili, 4 Mei

Sigino. Kiti cha wageni. Nikamwambia mama kwamba nakwenda Vietnam. Aliendelea kuchambua maharage, nikadhani sasa atasema kitu kwa Kiiraqw.

"Safari njema, Mwalimu," akasema. Maharage mazuri akayatupa na mabaya akayaacha kwenye ungo, hakuona. Nami sikumwambia.

Jumatano, 14 Mei

Mvua zimepungua. Lan amesema kabla ya kusaini lazima nifundishe somo la majaribio kwa video, Jumamosi, darasa halisi, wazazi wakiwa nyuma. Irine akanipigia kunipa maandalizi: nyimbo, ishara za mikono, tabasamu mpaka mashavu yaume.

"Na chagua mji mapema," akasema. "Mimi nilichagua Pretoria. Wewe unaweza kuchukua Durban, haijachukuliwa."

"Kuchagua mji wa nini?"

"Wa kutokea, Devo. Wazazi wa huku wanataka mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza. Wewe ni wa Afrika Kusini, wote huku ni wa Afrika Kusini. Kuna Mghana hapa na yeye ni wa Cape Town."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Nikamwuliza, na wewe umeizoea hali hiyo?

"Kazi ni kazi. Siku moja nilisikia watu wanaongea Kiswahili sokoni, nikageuza njia, nisije nikasalimiwa mbele ya mzazi wa mwanafunzi." Kisha akaniuliza kama daraja la kwao Bonga limetengenezwa, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

Jumamosi, 17 Mei

Somo lilikuwa saa nane mchana kwetu, jioni kwao. Niliweka simu juu ya debe la zile mbaazi za jumuiya, nyuma yangu nikatundika kitenge kuficha ukuta. Mvua ikaamua kunyesha kwa mara ya mwisho, juu ya bati, kwa hiyo nilifundisha kwa kupiga kelele.

Watoto walikuwa wazuri jamani. Wadogo, wamechana nywele, wanarudia kila kitu ninachosema. Nikiimba wanaimba. Nilipopiga chafya wakapiga chafya. Nilijisikia mwalimu, si muuza sweta, na nikasema moyoni, Durban siyo mbaya, mji wa bahari.

Mwishoni Lan akawaruhusu waulize maswali. Msichana mmoja mwenye pengo akasimama akauliza natokea wapi. Nyuma yake Lan alikuwa ameshika ubao mdogo ulioandikwa AFRIKA KUSINI kwa Kiingereza, nisije nikasahau. Wazazi wamekaa, wananitazama. Nikayatambua yale macho. Ni yale yale ya Bonga, ila safari hii hakuna mama wa kupita katikati ya viti.

Nikafungua mdomo kusema Durban. Nikasema, "Natoka Sigino. Iko Babati."

Na wale watoto, kwa kuwa wamezoeshwa kurudia, wakarudia wote kwa pamoja: "Si-gi-no! Ba-ba-ti!" Tena: "Si-gi-no! Ba-ba-ti!" Wanapiga na makofi.

Nililia. Nikawaambia ni mvua inaingia.

Jumatatu, 19 Mei

Lan ameandika. Watoto wamenipenda mno, wazazi wengine wameuliza Sigino iko upande gani wa Afrika Kusini. Mkataba uko tayari. Nilikuwa nimemwuliza mambo matatu, naye, Mungu ambariki, hakunidanganya. Pasipoti inatunzwa ofisini kwao. Saa za kati ya masomo hazilipwi. Na kwenye tangazo la shule nitakuwa wa Durban, hilo haliwezi kubadilika, ananiomba nielewe.

Nimeelewa. Nimemshukuru na kumkatalia. Mkono ulikuwa mzito, sitadanganya hapa. Ile kazi ningeiweza.

Jumanne, 20 Mei

Nimeingia ofisi ya Mkurugenzi bila kugonga. Yeye, kama Babati yote, anajua kwamba nimebarikiwa safari, na anajua darasa la nne wana mtihani wa taifa mwaka huu na mwalimu mwingine wa Kiingereza hana. Sikumwambia kwamba Vietnam imekwisha. Hakuuliza.

Nikamwambia: nataka mkataba wa maandishi, nataka likizo ya malipo, nataka kutoka kwenye basi, na kwenye kikao cha kufunga shule utawaambia wazazi natoka wapi.

"Madam, sisi ni familia..."

"Basi na undugu huo tuuandike."

Tulivutana mpaka kengele ya chai. Mkataba amekubali. Likizo amekubali nusu. Basi amekataa, anasema watoto wamenizoea. La mwisho ndilo lililomtoa jasho. "Wazazi watahamisha watoto!" Nikamwambia wakihama, nitahama nao. Ile droo nikaifungua mwenyewe, nikamwambia achague mwingine kama anataka. Alichungulia. Alikuwa amehifadhi humo risiti za dizeli. Maombi ya kazi yalikuwa mawili tu, moja la dereva.

Jumamosi, 31 Mei

Mama nilimwalika kikaoni. Alisema hilo ni jambo la wazazi wa wanafunzi, na yeye hana mwanafunzi pale.

Mkurugenzi alizungumzia choo kipya, akazungumzia usafi wa kucha, akazungumzia tena choo. Nilimkazia macho. Mwishowe akakohoa: "Na mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye... kulikuwa na makosa ya uchapaji kwenye bango... ni Mwalimu Devotha Amedeus. Kutoka Sigino."

Kisha mzazi mmoja, mfanyabiashara wa vipuri, akasimama: "Mkurugenzi, sisi tulilipia Mganda." Mwingine akasema yeye ndiyo maana aliona Madam anakula ugali vizuri. Mzee Egidius, aliyekuja kwa niaba ya mjukuu wake, alikuwa amesimama ameshika kofia.

"Mwanangu, kumbe ni wewe? Mimi Devotha wa jumuiya namjua, na Madam Dee nilikuwa namwona hapa. Nikawa nasema hawa wasichana wanafanana sana. Nilitaka hata niwakutanishe."

Mkutano ukacheka, na mimi nikacheka. Wa vipuri akasema mwanawe atamhamishia kwenye shule yenye Mkenya. Mama mmoja wa Sigino, ambaye sikujua kama ana mtoto pale, alinyoosha mkono akauliza swali moja tu: mimi nilijifunzia Kiingereza wapi. Nikamwambia Sigino, shule ya msingi, kisha sekondari ya kata, kisha chuo. Akaandika.

Jumapili, 1 Juni

Mawingu yamehama mlima Kwaraa, jua limetoka kama vile halikuwahi kuondoka. Baada ya misa nilipanda bodaboda mpaka Sigino. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa na hotuba nzima, ya msamaha, kwa Kiswahili fasaha, maana nilijua ndiyo lugha atakayonipokea nayo.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Nilisimama uani na viatu vyangu vya kanisani, sijui nikae wapi. Mama alikuwa juu shambani, kitenge amekifunga kiunoni. Aliniona. Nikasafisha koo nianze hotuba kwa mbali.

Kumbe ng'ombe wa kina Leonsi walikuwa wamevunja uzio, wako ndani ya mbaazi, wanakula kwa raha zao.

"Devotha!" mama akapiga kelele, kwa Kiiraqw, sauti ya kufika mpaka barabarani. "Umesimama unashangaa nini, macho huna? Wanamaliza mbaazi! Kimbia, mvivu wewe, kimbia!"

Nilivua viatu nikakimbia.